Pori ni ya Leta, njaa ni ya nani?



Jumamosi moja tuliamka mapema, tukaenda kusimama kwenye barabara ya Buta, pale mji unapoanzia. Tulikuwa watu sita, wote na diplome, wote bila kazi. Tulitaka kuona kwa macho yetu kitu ambacho watu wanabishania kila siku sokoni: nyama ya pori na mapori ya Leta. Wengine wanasema Leta ifunge pori yote, nyama imekwisha. Wengine wanasema Leta iache watu wakule, juu hakuna kingine. Sisi tulitaka kwanza kujua nani analipa na nani anafaidika.

Saa kumi na mbili kijana mmoja akafika, anasukuma kinga. Juu alibeba mikungu miwili ya makemba na bidoni ya mafuta ya ngazi. Chini yake, ndani ya mfuko, mboloko watano waliokaushwa na moshi, na nyani mmoja. Alikuwa ametembea siku tatu toka upande wa Banalia. Tukamuuliza amelipa mara ngapi njiani. Akahesabu kwa vidole: mara nne. Tukamuuliza kama walimpa karatasi. Akacheka tu, akaendelea kusukuma.

Pale karibu, mtu mmoja kati ya wale wanaokusanya franga alitusikia. Akasema: «Sheria inakataza ile nyama.» Tukauliza: kama inakataza, juu ya nini munaiacha ipite kiisha kulipwa? Na sheria gani? Akatuambia twende tuulize kwenye biro.

Basi, tulienda kuuliza. Tulisoma pia. Hii njo tuliyoipata.

Sheria iko, ila inalala kwenye kabati

Sheria ya kuwinda katika inchi yetu ni ya tarehe 28 Mei 1982, namba 82-002. Wengi wetu tunaosoma hapa tulikuwa hatujazaliwa. Inasema kuwinda kunahitaji permi. Inasema kuko kipindi cha mwaka ambacho kuwinda kunafungwa ili nyama izae. Inakataza kuwinda na silaha ya vita. Inaweka wanyama fulani kando kabisa, kama okapi na sokwe: hao hakuna mtu wa kuwagusa, permi au hakuna permi. Na kuko kitu ambacho hatukufundishwa hata siku moja: sheria hiyo inajua permi ya mwindaji wa kijijini, na inajua permi ya pamoja ambayo kijiji kinaweza kupewa ili watu wake wakule.

Kiisha ile kulikuja sheria ya misitu ya Agosti 2002. Inasema misitu ni mali ya Leta. Ila kifungu chake cha 22 kinasema jamii ya mahali inaweza kuomba msitu ambao mababu zake waliushika kwa desturi, na kupewa kama konsesio. Ilichukua miaka 12 kupata dekreti ya kuonyesha namna ya kuomba: namba 14/018, ya tarehe 2 Agosti 2014. Konsesio hiyo ni ya bure, haina mwisho, na inaweza kufika hektari 50.000. Mwaka ule ule wa 2014, mwezi wa pili, ikatoka pia sheria ya kulinda viumbe, namba 14/003.

Sasa hesabu mapori yenyewe. ICCN ndiyo inachunga mapori ya kuwinda na mbuga. Rubi-Tele, upande wa Buta, ni pori ya kuwinda tangu wakati wa Wabelgiji. Zamani ilikuwa ndani ya Province Orientale pamoja na sisi. Tangu mugawanyo wa 2015 iko Bas-Uele, ila barabara yake inashukia kwetu. Maiko ni mbuga tangu 1970, kilometa mraba karibu 10.800, na sehemu yake iko Tshopo. Yangambi ni rezerva. Lomami imekuwa mbuga mwaka 2016, karibu kilometa mraba 8.900, kati ya Tshopo na Maniema. Na Januari 2025, kule Davos, mbele ya matajiri wa dunia, Rais alitangaza Njia ya Kijani toka Kivu mpaka Kinshasa, zaidi ya kilometa mraba 540.000. Inafuata mto. Inapita kwetu. Siku chache baadaye Goma ikaanguka, na watu wakasahau ile habari.

Sisi hatuisahau. Kama unaishi Isangi, Basoko au Ubundu, unaweza kulala ndani ya ardhi ya kawaida na kuamka ndani ya ardhi iliyolindwa, bila mtu kuja kukuambia. Wanasema Njia ya Kijani itakuwa ya jamii. Tunapenda kuamini. Ila neno «jamii» lazima liwe na majina ya watu ndani yake, na watu hao wawe kwenye meza kabla karatasi haijaisha kuandikwa.

Namna mambo yanafanyika kweli

Kwa karatasi kuna permi, kuna vipindi, kuna mipaka. Kwa barabara kuna bariere. Hii ndiyo usimamizi ambao mwananchi anaujua: kamba imefungwa kwa miti miwili.

Muulize mama anayeuza nyama sokoni ni tarehe gani kuwinda kunafungwa. Hajui. Muulize mwindaji wa kilometa 60 permi ya kijijini inatolewa wapi na kwa franga ngapi. Hajui, na wale wanaomsimamisha hawana haraka ya kumwambia. Juu akijua, atalipa mara moja tu, mahali pamoja, na atapata karatasi. Nani kati ya wale wa bariere anataka hivyo?

Shangazi wa mmoja wetu anauza nyama ya pori toka miaka mingi. Ile biashara njo imesomesha mwenzetu mpaka graduat na lisanse. Siku moja walikuja, wakachukua beseni yote, wakasema ni kipindi cha kufunga. Hakuna karatasi, hakuna jina. Usiku, kwenye nganda moja, nyama ile ile ikawa kwenye sahani, na bia baridi pembeni. Tulipomwendea atuelezee, alisema neno moja ambalo tunalirudilia mpaka leo: «Batoto yangu, njala haisomaka sheria. Ila bale banaosomaka sheria, bao pia banakulaka.»

Hatuandiki hii ili watu wamuonee mama huruma. Tunaandika juu, siku ile, hakuna mnyama hata mmoja aliyeokolewa. Mboloko walikuwa wameshakufa. Kitu kimoja tu kilibadilika: mwenye kula.

Tuseme pia ukweli wetu

Hatuwezi kusema Leta tu na kujificha wenyewe. Pori inakuwa tupu. Wawindaji tuliowauliza, wazee wa barabara ya Ituri na wa barabara ya Opala, wanasema kitu kimoja: zamani walitega nyuma ya konde, leo wanalala njiani siku mbili kabla ya kuona alama ya mguu. Wanyama wakubwa wamekimbia au wamekwisha. Wanabaki wadogo, wanaozaa upesi. Na mitego ya waya haiulizi kama aliyeingia ni mimba au mtoto.

Na nani anakula? Ni sisi, watu wa mji. Kijiji kinakula kidogo. Fungu kubwa linapanda kwenye kinga, kwenye moto na kwenye mitumbwi, linakuja Kisangani. Vijana tunapenda kusema tunatetea mazingira, kiisha jioni tunaagiza kabari ya nyama ya pori na lituma. Tumefanya hivyo. Tunakubali.

Ila uliza pia juu ya nini. Kisangani haina ng'ombe. Ng'ombe wanatoka mbali, kwa barabara unazozijua. Kuku na mpiodi wa frigo wanatoka ng'ambo, na bei yao inapanda kila dolari ikipanda. Mto uko mbele yetu, ila wavuvi wa Wagenia na wa Lokele wanakuambia samaki wanapungua na wanakuwa wadogo. Mtu akitufungia nyama ya pori bila kufungua kitu kingine, hajalinda pori. Ameongeza bei tu, na bei ikipanda, mwindaji anaongeza mitego.

Kenya ilifunga kuwinda kabisa mwaka 1977. Watafiti waliohesabu wanyama huko wanasema toka mwaka ule mpaka 2016 walipungua kupita nusu. Kufunga ni neno rahisi kuandika. Kuchunga ni kazi ya kila siku.

Wanaojua pori ni nani?

Kuko watu wanaosema: wananchi wa kijijini hawajui kuchunga, ukiwapa pori wataimaliza. Tunawajibu kwa habari mbili za kweli.

Ya kwanza ni ya ndege. Mwaka 1913, mzungu mmoja mtafiti, James Chapin, aliona kule Avakubi, kwenye mto Ituri, unyoya kwenye kofia ya mtu wa pale. Hakujua ni wa ndege gani. Alikaa na ule unyoya zaidi ya miaka 20. Mwaka 1936, katika nyumba ya makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, alikuta ndege wawili wa zamani waliosahauliwa, na akaelewa: ni tausi wa Kongo, ndege ambaye vitabu vya dunia havikumjua. Wakati ule wote, mwenye kofia alimjua. Alimvaa kichwani.

Ya pili ni ya hapa Tshopo. Mwaka 2007, kule Opala, watafiti walikuta nyani mdogo amefungwa kwa mkuu wa shule ya msingi, mtoto wake alikuwa anamlea. Wakauliza ni nyani gani. Wakaambiwa: lesula. Wawindaji walikuwa wanamjua kwa jina siku zote. Ilipofika 2012, watafiti wakamwandika kwa majina ya kisayansi, na magazeti ya dunia yakasema «nyani mpya». Mpya kwa nani?

Mwindaji anajua njia za nyama, anajua mwezi wa kuzaa, anajua mto gani umekauka. Kitu anachokosa ni haki. Mtu ambaye anaweza kufukuzwa kesho, leo anachukua kila kitu. Mtu anayejua pori itabaki kwa watoto wake, anaacha mbegu. Hapa hakuna siri kubwa. Hata konde ya muhogo inafanya kazi hivyo.

Jirani wametuonyesha njia mbili

Tanzania ilitufundisha kitu kibaya na kitu kizuri.

Kibaya ni Loliondo. Toka 1992 kampuni moja ya Emirati ilipewa ruhusa ya kuwinda kwenye malisho ya Wamasai. Juni 2022 serikali ilikata kilometa mraba 1.500 pale, ikaweka mipaka na polisi, na watu wengi wakakimbilia Kenya. Wageni wanaopiga wanyama kwa kujifurahisha wakapata nafasi. Mwenye ng'ombe akaitwa mvamizi. Kama siku moja mtu akija Kisangani na mapango ya «watalii wa kuwinda» au ya kuuza hewa ya msitu, mumuulize kwanza swali la Loliondo: wenyeji watakwenda wapi?

Kizuri ni zile sehemu ambazo vijiji vyenyewe vinatenga ardhi yao kwa ajili ya wanyama, vinakaa katika chama, na vinapata fungu la franga ya watalii na wawindaji. Wanakijiji wa huko wanalalamika kwamba fungu ni dogo na linachelewa. Ila wanalalamika juu ya fungu lao, na wana mahali pa kulidai. Sisi hata fungu hatuna.

Na hatuhitaji kwenda Tanzania kutafuta sheria. Ya kwetu iko: konsesio ya jamii. Hapa Tshopo, kama huko Bafwasende, kuko vijiji vilivyoshika ile njia. Jamii ikipata konsesio, inaandika mpango wake: hapa tunalima, hapa tunawinda, hapa hakuna kuingia mpaka nyama irudi. Inachagua wachungaji wake. Mgeni akija na kalibre 12 bila kupita kwa jamii, jamii ina karatasi ya kumsimamisha.

Tunajua pia hatari. Lubunga iko ng'ambo ya mto tu, tunaiona. Toka mwanzo wa 2023, Wambole na Walengola waliuana juu ya ardhi iliyotolewa kwa kampuni bila wenyewe kusikilizana. Nyumba zilichomwa, watu wakakimbilia mjini, wengine tulisoma nao auditoire moja. Njo maana tunasema: kugawa pori kwa siri, ofisini, kwa sahihi ya chef mmoja aliyepewa bahasha, ni kuandaa Lubunga ingine. Mipaka itembelewe kwa miguu, wazee wa pande zote wakiwepo, wanawake wakiwepo, na Bambuti wakiwepo pale wanapoishi, juu sheria ya Julai 2022 inawapa haki yao.

Tunachoomba

Hatuna silaha na hatuna franga. Tuna vichwa, miguu na haki ya kuuliza. Kwa hiyo tunaomba hivi:

1. Serikali ya mkoa itangaze kila mwaka, kwa Kiswahili na Lingala, kwenye redio, sokoni, kanisani, msikitini na kwenye kila bandari, tarehe za kufunga na kufungua kuwinda, na majina ya wanyama waliokatazwa. Mtu hawezi kutii tarehe asiyoijua.

2. Bei ya kila permi ibandikwe ukutani, pamoja na mahali pa kulipa. Franga yote ilipwe na karatasi. Bariere isiyotoa karatasi iondolewe.

3. Nyama ikikamatwa, iandikwe: nani, wapi, kilo ngapi, imepelekwa wapi. Na orodha hiyo iwe wazi kwa mwananchi yeyote.

4. Permi ya pamoja ya kijiji, ambayo iko kwenye sheria toka 1982, itolewe kweli. Na vijiji vinavyoomba konsesio visizungushwe na kila biro ikitaka «usafiri».

5. Kabla ya mpaka wowote wa Njia ya Kijani kuwekwa Tshopo, mikutano ifanyike katika territoire zote saba: Bafwasende, Banalia, Basoko, Isangi, Opala, Ubundu na Yahuma. Na mikutano ifike vijijini. Haitoshi kukaa hoteli moja ya Makiso.

6. Kazi ya kuhesabu wanyama wa pori, na pia ndege na bata wa maji wa visiwa vya mto ambao hatujasikia mtu akiwahesabu mbele yetu, ipewe vijana wa hapa. UNIKIS ina watu waliosoma viumbe. IFA-Yangambi ina watu waliosoma maji na misitu. Wako nyumbani, wanauza krediti za simu. Watafiti wa UNIKIS pamoja na wale wa CIFOR walishahesabu nyama ya pori katika masoko yetu. Njia ya kufanya hivyo inajulikana. Kinachokosekana ni mkataba na mshahara.

7. Fungu la kodi ya misitu na permi liende kwenye mabwawa ya samaki, kuku na nguruwe, kwa wamama wanaouza nyama kwanza. Shangazi yetu yuko tayari kuacha mboloko kesho asubuhi. Anauliza tu atauza nini keshokutwa.

Kwa wenzetu

Kuko wanaotuambia: nyinyi hamuna kazi, mambo ya nyama ya pori yanawahusu nini? Yanatuhusu juu hii ni mali yetu ya mwisho ambayo haijaisha kuuzwa. Dhahabu inapita mbele yetu ikienda. Mbao zinapita, zimepangwa vizuri kwenye barja, na vumbi ndiyo inabaki. Pori ikiisha, hatutakuwa na kitu cha kudai hata tukipata viongozi wazuri.

Kwa hiyo, kijana wa Boyoma, tunakuomba vitu vidogo ambavyo havihitaji ruhusa ya mtu. Okapi, sokwe, tembo: usinunue, usile, usisafirishe, hata ukipewa bure kwenye sherehe. Ukiona mtu anachukua beseni ya mama sokoni, mwombe karatasi, kwa sauti ya heshima, mbele ya watu. Ukiwa na mzazi kijijini, mwambie juu ya kifungu cha 22. Andika kwa kalamu, mtumie na mtu wa kinga kama simu haifiki.

Sisi tutarudi kwenye barabara ya Buta kila Jumamosi, na daftari. Tutaandika kinga ngapi zimepita, zimelipa mara ngapi, na karatasi ngapi zimetolewa. Jumamosi ya kwanza tuliandika kinga kumi na moja. Safu ya karatasi tuliiacha na sifuri.

Anayetaka kuja kuhesabu pamoja nasi, aje saa kumi na moja na nusu. Alete kalamu yake.